SOMO LA MWEZI: MTU SI REHANI

Mafungu ya kusoma kwanza nyumbani: Mwanzo 42:18–36, Matendo ya Mitume 22:24–29, 23:12–22, 24:22–27, Waebrania 13:3

Mwezi huu tulikuwa tumepanga somo juu ya sadaka ya mavuno. Lakini safari yetu ya Kasese na Bwera ilitubadilishia somo. Tunaomba mlisome polepole, maana ndani yake kuna mambo ya serikali na sheria. Hatuandiki siasa. Tunaandika juu ya mtu aliyefungwa, na juu ya kanisa linalopaswa kumwulizia.

1. JAMBO TULILOLIKUTA BWERA

Tulialikwa kwenye semina ya wachungaji wa pande mbili za mpaka. Siku mbili tulikuwa Kasese mjini, na siku ya tatu tukashuka Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Wanaopafahamu wanajua kwamba mto Lhubiriha si mpana, na ng'ambo yake ni Kasindi, Congo. Mkonzo wa huku na Mnande wa kule wanasikilizana lugha, wanaoana na wanazikana. Mpaka ulichorwa na wageni, ndugu wakabaki pande zote mbili.

Baada ya ibada mama mmoja akatufuata. Mwanawe, kijana wa miaka 23, alikuwa amevuka kwenda matanga ya babu yake. Mama ni Mkonzo wa Uganda, marehemu baba alikuwa Mnande wa Congo. Kijana alikuwa na kitambulisho cha Uganda mfukoni na karata ya mpiga kura ya Congo ndani ya begi. Wakati wa kurudi akapekuliwa, karata zote mbili zikaonekana, akawekwa ndani. Hakuandikiwa kosa. Mama alipofuatilia akaambiwa kwamba kijana atatoka siku wale wa upande wa pili watakapomwachilia mtu wao. Mtu wao alikuwa mfanyabiashara aliyeshikwa Uganda kwa jambo la mzigo. Kijana hakumjua mfanyabiashara yule hata kwa sura.

Mama akatuuliza: "Wachungaji, mwanangu amekuwa deni la nani?"

Hatutaji ofisi wala jina, maana kuna watu bado wanapita njia ile. Lakini swali la mama ndilo somo letu.

2. REHANI NI NINI?

Sote tunaijua rehani. Mtu akikopa unga dukani huacha redio au baiskeli yake mpaka alipe. Baiskeli haina kosa lolote. Imeshikwa kwa sababu mwenyewe anaihitaji, na mwenye duka anajua hivyo.

Sasa wekeni mtu mahali pa baiskeli. Mfungwa wa kawaida hushikwa kwa jambo alilofanya, au wanalosema alifanya. Anayeshikwa rehani hushikwa kwa ajili ya kitu kinachotakiwa kwa mtu mwingine. Hata akithibitisha kwamba hana kosa, hatoki, kwa kuwa kosa lake halikuwa sababu ya kumshika.

Katika Mwanzo 42 Yusufu alimfunga Simeoni mbele ya ndugu zake ili wengine wakamlete Benyamini. Sisi tunaojua mwisho wa hadithi tunafurahi. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, Yakobo kule nyumbani alikwisha kumhesabu Simeoni kama mtu aliyepotea (mstari wa 36). Pili, Biblia haituandikii hata neno moja alilosema Simeoni gerezani. Wote wanazungumza habari za Benyamini, nafaka na fedha. Aliye rehani hana sauti, wengine wanapatana juu ya kichwa chake.

Waasi hufanya hivyo waziwazi. Watu wa Mpondwe hawajasahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya Lhubiriha iliposhambuliwa, watu 42 wakauawa, wengi wao wanafunzi, na wengine wakachukuliwa kuelekea Congo. Tangu mwaka 1979 kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa unaosema kwamba kuchukua mateka ni uhalifu. Lakini serikali ikifanya hivyo, inafanya kwa muhuri. Kuna askari, kuna faili, wakati mwingine kuna mahakama na hukumu. Basi tutatambuaje? Tunatoa dalili tatu. Kosa linabadilika kila mnapouliza. Bei inatajwa, iwe fedha, iwe mtu, iwe jambo ambalo serikali nyingine ifanye. Na siku ya kutoka inafuata mazungumzo ya wakubwa, haifuati ushahidi.

3. NCHI ZETU ZIMEYAONA HAYA

Wengine wanafikiri haya ni mambo ya mbali. La, yalipita hapahapa kwetu.

Mwaka 1964 Wasimba waliteka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Waliwazuia mamia ya Wazungu, Wabelgiji na Waamerika, wamisionari wakiwemo, ili ndege na askari wa kigeni wasiwashambulie. Mzee Jomo Kenyatta alijaribu kupatanisha, na mjumbe wa Wasimba, Thomas Kanza, akakutana na balozi wa Marekani Nairobi. Hawakuafikiana. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli kutoka katika ndege za Marekani. Wengi waliokolewa, lakini wengine waliuawa saa zilezile, na mmoja wao ni daktari mmisionari Paul Carlson. Wazee wetu wanakumbuka jambo jingine pia. Wakongomani waliouawa kabla na baada ya siku ile walikuwa maelfu, na hakuna ndege iliyokuja kwa ajili yao.

Mwaka 1975 hapa Uganda mwalimu Mwingereza, Denis Hills, alikamatwa kwa sababu ya maandiko ya kitabu chake alimomwita Idi Amin mtawala jeuri wa kijijini. Akahukumiwa kifo kwa uhaini. Malkia wa Uingereza aliandika barua, ikaletwa na jenerali mmoja na meja mmoja waliomfahamu Amin tangu jeshi la King's African Rifles. Haikutosha. Amin alitaka waziri wa mambo ya nje aje mwenyewe. Mwezi Julai James Callaghan akaja Kampala, akarudi na Hills akiwa hai. Mwezi uleule Amin aliwapokea marais wa Afrika katika mkutano wa OAU Kampala, akawa mwenyekiti wao.

Mwaka 1976 ndege ya Air France iliyotekwa ililetwa Entebbe. Abiria waligawanywa, Waisraeli wakabakizwa, wengi wa wengine wakaachiliwa. Miongoni mwa waliobakizwa alikuwemo mama mzee, Dora Bloch, mwenye uraia wa Uingereza na wa Israeli. Alipelekwa hospitali ya Mulago kwa kukwamwa na chakula. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli waliwaokoa waliokuwa uwanja wa ndege, yeye akiwa bado hospitali. Afisa wa ubalozi wa Uingereza alimwona baada ya hapo, lakini mama yule alichukuliwa na kuuawa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, Amin alipokwisha kuondolewa.

Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Rais Carter wa Marekani akalaani. Siku chache baadaye Amin akatangaza kwamba Waamerika waliokuwa Uganda, karibu 200 na wengi wao wamisionari, wasiondoke, tena waje wakutane naye. Mwanzoni mwa Machi akawaruhusu. Hakuna aliyeuawa, lakini kwa siku zile maisha yao yalitegemea maneno yaliyosemwa Washington.

Angalieni mfuatano huu. Mwaka 1975 Uingereza ilimleta waziri, na mtu mmoja akapona. Mwaka 1977 Amin alijua kwamba kumshika mgeni kunafanya wakubwa wapige simu. Hatusemi Callaghan alikosea. Kama angekuwa mwana wetu, tungetaka aje. Lakini tunajifunza kwamba bei ikilipwa, duka halifungwi.

4. KARATA MBILI, ULINZI AU HATARI?

Mtu husema: "Mwenye pasipoti mbili ana milango miwili." Ni kweli wakati wa amani. Lakini mnaweza kuona kwa mama Bloch kwamba saa ya hatari anayekushika ndiye anayechagua karata atakayoisoma.

Sheria nazo zinapita njia mbalimbali. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikataza uraia wa nchi mbili, ikabadilishwa mwaka 2005, na sheria ya mwaka 2009 ikaweka utaratibu wake. Katiba ya Congo ya mwaka 2006, kifungu cha 10, inasema kwamba uraia wa Congo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Wakongomani wanajua jinsi jambo hili linavyotumika katika siasa. Mwaka 2018 uraia wa Italia aliokuwa nao Moïse Katumbi uliletwa katika mabishano ya uchaguzi, na Agosti mwaka ule akazuiliwa kuingia nchini katika mpaka wa Kasumbalesa. Basi kijana wetu wa Bwera alikuwa ndugu halali wa pande mbili kwa damu, lakini karata zake mbili hazikupatana kisheria upande ule mmoja.

Kuna sheria za dunia pia. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, kifungu cha 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Lakini mkataba wa zamani wa The Hague, wa mwaka 1930, unasema nchi haiwezi kumtetea raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo yeye ni raia wake pia. Hapo ndipo mwenye uraia pacha anapoanguka katikati. Ubalozi unakuja, mlinzi anasema: "Huyu ni wa kwetu, ninyi hayawahusu."

Iran imetumia njia hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa haitambui uraia wa pili wa watu wake. Nazanin Zaghari-Ratcliffe, raia wa Iran na Uingereza, alikamatwa Aprili 2016 alipokuwa akirudi Uingereza na mtoto wake mdogo baada ya kuwatembelea wazazi. Alitoka Machi 2022, wakati uleule Uingereza ilipolipa deni la karibu paundi milioni 400 lililotokana na vifaru vilivyoagizwa katika miaka ya 1970. Alipoagizwa vifaru hivyo yeye hakuwa amezaliwa au alikuwa mtoto mchanga. Akalipishwa deni lisilokuwa lake.

Karibu zaidi na sisi ni habari ya Paul Rusesabagina. Alizaliwa Rwanda, akakimbilia Ubelgiji, akawa raia wa huko, na alikuwa akiishi Marekani. Agosti 2020 alipanda ndege Dubai akidhani anakwenda Bujumbura, akashuka Kigali. Aliyemwalika safari ile, kama alivyoeleza mwenyewe mahakamani, alikuwa mtu wa uchungaji. Ndugu wachungaji, tukae kidogo na neno hilo. Rusesabagina alisema yeye ni Mbelgiji, mahakama ikamhesabu Mnyarwanda. Septemba 2021 akahukumiwa miaka 25 kwa mashambulio ya kundi lenye silaha yaliyoua raia kusini mwa Rwanda. Mei 2022 Marekani ikatangaza kwamba amezuiliwa isivyo haki. Machi 2023, baada ya mazungumzo ambayo Qatar ilishiriki, adhabu yake ikapunguzwa kwa amri ya rais, akaondoka. Wafiwa wa mashambulio yale wana haki ya kupata hukumu ya kweli, na hatuchezi na machozi yao. Lakini kama mashtaka ni ya haki, mtu afikishwe kwa njia ya haki. Akiletwa kwa hila na kutolewa kwa mapatano, wafiwa nao wanabaki bila jibu.

Na Congo yetu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Mei 2024 Kinshasa, mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 37 kifo mwezi Septemba. Miongoni mwao walikuwemo Waamerika watatu, na Jean-Jacques Wondo, mtaalamu wa mambo ya jeshi, mzaliwa wa Congo mwenye uraia wa Ubelgiji, aliyekana kuhusika. Februari 2025 Wondo aliachiliwa akiwa mgonjwa, akarudi Ubelgiji. Aprili 2025 Waamerika watatu wakapunguziwa adhabu ya kifo na kupelekwa kwao, wakati Kinshasa na Washington wakizungumza juu ya madini na usalama. Hatusemi wote walikuwa bila kosa, ushahidi juu ya mmoja si ushahidi juu ya mwingine. Tunauliza jambo moja tu. Wengi wa wale 37 walikuwa Wakongomani watupu. Nani aliketi mezani kwa ajili yao?

Hapo tunafika kwenye moyo wa somo. Pasipoti yenye nguvu humfanya mtu awe na bei. Asiye na pasipoti hiyo hana bei, na asiye na bei husahaulika. Yote mawili ni dhambi ileile, yaani mtu amepimwa kwa faida anayoleta. Watu wa Kasese hawahitaji kufundishwa maana ya kungoja. Baada ya mapigano ya Novemba 2016 mfalme wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, na watu wake wengi walikamatwa, na mashtaka yakaondolewa Juni 2023. Kuna mama aliyehesabu miaka karibu saba.

5. PAULO, RAIA WA PANDE MBILI

Mtume Paulo alikuwa Myahudi wa Tarso, tena Mrumi kwa kuzaliwa. Yerusalemu walipomfunga kamba ili apigwe mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa, na jemadari akaogopa (Matendo 22). Karata yake ilimsaidia. Si dhambi kuitumia haki ya sheria, Paulo aliitumia.

Lakini endeleeni mpaka sura ya 24. Liwali Feliki alimsikiliza, akajua habari za Njia ile, wala hakumhukumu wala hakumwachia. Luka anatueleza sababu mbili. Alitumaini kupewa fedha, na alitaka kuwapendeza wakuu wa Wayahudi. Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha Feliki akaondoka kazini, akamwacha Paulo kifungoni kama mtu anavyoacha meza ofisini. Uraia wa Rumi ulimkinga na mijeledi, lakini haukumtoa kwenye rehani.

Nani alimsaidia basi? Katika sura ya 23 watu zaidi ya 40 waliapa kumwua. Aliyeokoa maisha yake ni mpwa wake, kijana ambaye hata jina lake hatukuandikiwa. Alisikia, akaingia ngomeni, akasema. Na katika 24:23 rafiki zake waliruhusiwa kumhudumia, kwa hiyo walikuwa wakija. Paulo alikuwa na karata, na alikuwa na watu. Wengi wetu kambini hatuna karata yenye nguvu. Lakini watu tunao, kama tukikubali kuwa watu.

6. YATUPASAYO KUTENDA

a) Tuseme kweli juu ya karata zetu. Mkimbizi asitafute kitambulisho cha Uganda kwa uongo. Ni kosa, na siku ya taabu uongo huo utakuwa kamba ya kumfunga. Mwenye haki ya kweli kwa mzazi wake, aiombe kwa njia iliyo wazi. Kabla ya kuvuka kwenda matanga au soko, mjue sheria ya upande mnaokwenda, na mkumbuke kwamba mkimbizi anayerudi katika nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa juu ya ukimbizi wake. Mwambieni mtu mmoja mnakokwenda na siku ya kurudi.

b) Tukumbuke saa 48. Katiba ya Uganda, kifungu cha 23, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48. Katiba ya Congo, kifungu cha 18, nayo inasema polisi wasimshike mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachia au kumpeleka kwa mamlaka ya sheria. Mpaka ni mmoja, hesabu ni moja. Mnaweza kuisema kwa adabu upande wowote.

c) Tuandike. Jina lake kamili, siku na saa ya kukamatwa, mahali, nani alimwona, kosa gani limetajwa. Kila mkienda, andikeni tarehe na jibu mlilopewa. Kosa likibadilika, karatasi yenu itaonyesha.

d) Tuwajulishe wanaohusika. Kwa mkimbizi ni HCR na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa raia wa kigeni ni ubalozi wake. Msalaba Mwekundu wa kimataifa hutembelea wafungwa na kupeleka habari za familia. Umoja wa Mataifa una kikundi cha kazi juu ya watu wanaozuiliwa ovyo, kilichoundwa mwaka 1991, na familia inaweza kukiandikia bila kulipa chochote.

e) Tusimpe dalali fedha. Tunajua ni rahisi kuandika hivi na vigumu kutenda, wakati mtoto wako analala juu ya saruji. Hatutamhukumu mzazi aliyelipa. Lakini kila mara tunapolipa, tunampandishia bei mtoto wa jirani. Tena madalali wengi hula fedha, na mtu habadilishiwi hata chumba.

f) Na sisi tusichukue rehani. Hapa tunajisema wenyewe. Kuna mume anayezuilia watoto ili wakwe warudishe mahari. Kuna mama aliyejifungua akazuiliwa wodini kwa sababu ya deni. Kuna mwenye duka aliyemshika mtoto wa mdeni wake afanye kazi. Na kuna wachungaji, tuseme ukweli, wanaoshikilia barua ya kuhama ya mshirika mpaka amalize zaka. Tukifanya hivyo, tutamwambia nini Feliki?

7. KIJANA WA BWERA

Mtatuuliza habari za kijana yule. Wachungaji wa Bwera na wa Kasindi walikubaliana kwenda pamoja, wawili wa huku na wawili wa kule, wakiwa na karatasi ya tarehe. Hawakubishana wala hawakulipa. Kila walipofika waliuliza maswali matatu: yuko wapi, ameshtakiwa nini, atapelekwa lini mahakamani. Walikwenda mara sita. Siku ya 19 aliachiliwa asubuhi bila maelezo, kama alivyoshikwa bila maelezo. Kitambulisho kimoja alirudishiwa, karata nyingine hakuiona tena.

Mama alitaka tufanye ibada ya shukrani, na ikafanyika. Kijana aliposimama kushuhudia hakusema mengi. Alisema kwamba ndani aliacha mwenzake, mvuvi wa Ziwa Edward, aliyekuwa amekaa muda mrefu kuliko yeye. Mnajua habari za ziwa lile. Mstari wa mpaka majini hauonekani, wavuvi wa pande zote wamekuwa wakikamatwa, na Julai 2018 wanajeshi wa nchi hizi mbili walipigana humo, watu wakafa. Mvuvi yule alimwambia: "Wewe wanakuuliza kila wiki. Mimi hakuna anayeniuliza."

Ibada ikanyamaza. Kisha mzee mmoja wa kanisa akasimama na kuomba karatasi, akaandika jina la mvuvi juu yake, na tarehe ya siku ile. Jumatatu wachungaji wanne walivuka tena. Tulipoondoka Bwera mvuvi alikuwa hajatoka. Lakini sasa kuna wanaomwuliza, na mlinzi anajua hivyo.

Waraka kwa Waebrania unatuagiza tuwakumbuke waliofungwa kama watu tulio chumba kimoja nao. Kukumbuka huko kunaanza kwa kujua jina.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA MAKANISA YA NYUMBANI

1. Kuna mfungwa gani wa bloku yetu ambaye hakuna aliyemwulizia mwezi huu? Andikeni jina lake.
2. Kama mngekuwa Callaghan mwaka 1975, mngekwenda Kampala? Mngesema nini kwa wale watakaoshikwa baadaye?
3. Mpwa wa Paulo angeweza kuogopa na kunyamaza. Ni nini kinachotunyamazisha sisi?
4. Je, kuna mtu au kitu cha mtu tunachokishikilia rehani nyumbani au kanisani?

TUOMBE

Bwana, unawajua kwa majina watu ambao wakubwa wanawajua kwa bei. Uwatie nguvu walio ndani, na mama zao walio nje. Uwape watawala wetu hofu yako. Na sisi utupe miguu ya kwenda mara ya saba, mara ya sita ikiwa haikutosha. Amina.

Ni sisi watumishi wenzenu katika Bwana.